Rejista ya Mwaka Usio Wangu

Masjala ya trafiki iko nyuma, ukipita choo cha mahabusu,
mlango umebanwa kwa tofali usifungwe na upepo wa Likoni.
Karani Nyamawi anakula mhogo wa kukaanga,
anafuta pilipili kwa barua ya wito ya mtu.
"Namba ya kesi?"
Sina.
"Jina la mshtakiwa?"
Ndilo nililolifuata.
"Basi una nini, dada?"

Nina tarehe. Nina mzunguko wa Makupa, saa tisa za usiku,
pikapu nyeupe iliyopanda ukingo.
Nina kiatu kimoja cha ndugu yangu Kirigha, cha kushoto,
polisi walinikabidhi ndani ya mfuko wa unga.
Nina mama, Wundanyi, hali wala halali,
anasema: niletee jina,
nijue pa kuelekeza kilio.

Nililipa ada ya upekuzi, nikapewa stakabadhi,
nikaambiwa nikae, nikakaa
mpaka wakili wa tatu akahudumiwa kabla yangu,
mpaka mwadhini akamaliza na feni ikazimika.
Kisha akaniangushia mezani rejista pana kama sinia ya harusi,
kurasa zimevimba kwa unyevu,
wino umekimbilia pembeni kama mtu aliyeona polisi.

Nikasoma kwa kidole.
Amelewa, Mtwapa. Amelewa, Bamburi. Amelewa, alikataa kupuliza kipimo.
Amelewa, mwalimu.
Amelewa, dereva wa gari la maiti, na maiti ndani.
Mwandiko wa Juni ni mzuri; wa Julai umepepesuka
kama nao umekunywa.
Nilicheka peke yangu. Mungu anisamehe.

Kirigha Mwamburi, mwanamume, miaka thelathini na mmoja,
makanika, Changamwe.
Kuendesha gari akiwa amelewa. Amekiri kosa.
Faini elfu thelathini au miezi mitatu.
Imelipwa.

Nikasema, majina hufanana.
Nikatazama juu ya ukurasa: mwaka si wangu.
Nyamawi alichanganya, hii ni ya miaka miwili nyuma,
Agosti, tarehe kumi na nne.

Agosti ile nilikuwa Voi. Simu ililia nikichambua maharagwe.
"Wakesho, mtoto kalazwa Makadara, homa ya matumbo,
hawamtoi bila pesa."
Nikamuuza mtamba wangu, yule mwekundu, ana mimba ya miezi saba,
kwa bei ya mtu mwenye haraka.
Elfu thelathini. Hata mia haikubaki.
Jioni akaniandikia: Mungu akuzidishie, dada, joto limeshuka.

Joto limeshuka!
Nami nilifunga siku tatu kwa ajili ya mtoto
aliyekuwa uani Changamwe anacheza kati.

Na matangani, nani alishika kipaza sauti
akasema marehemu hakuonja hata mnazi?
Mimi. Nilikuwa nimeiandika kabisa, kwenye karatasi yenye mistari.

"Umepata?" akauliza Nyamawi.
Kidole changu kilikuwa bado kimemfunika.
Nikamwambia mwaka umekosewa.
Akaguna, akaichukua, akaleta nyingine, nyepesi,
jalada lake bado linanuka gundi.

Chengo Nzaro, miaka ishirini na sita, muuza barafu, Kongowea.
Kusababisha kifo. Amelewa. Amekana.
Yuko nje kwa dhamana.
Mdhamini: Kadii Nzaro, dada,
na pembeni alama ya dole gumba,
wino mwingi, kama mtu aliyeambiwa
bonyeza tena, haijaonekana.

Nikakaa nayo.
Sijui aliuza nini. Labda cherehani. Labda naye alipigiwa simu
akaambiwa ni homa.

Niligeuza stakabadhi nikaandika jina mgongoni kwake.
La dada, si lake.
Mkobani simu ilianza kutetemeka: Mama.
Ikanyamaza. Ikaanza tena.
Nyamawi akasema humu ndani simu hairuhusiwi,
nikamshukuru kuliko alivyotarajia.